Jembe la Posa Juu ya Baiskeli Isiyopumzika

Wazee wenzangu wa Katindiuka, na ninyi akina mama wa jumuiya mlionipa pole kabla hamjajua ni pole ya nini: mmeuliza mengi tangu niliporudi kutoka Idete siku ya tatu, kwa miguu, baiskeli nikiikokota. Mmeuliza kwa nini suruali yangu ya misa imebaki na mguu mmoja na nusu. Mmeuliza kama ni kweli niliwazunguka wanawake barabarani. Nimechoka kumjibu kila mmoja kwa wakati wake, maana kila ninapojibu naona mtu anageuka kando akishika mdomo. Nimeamua kusema mara moja. Shule sikuipata, mimi ninasema, na mjukuu wangu Imakulata anaandika. Nimemwambia asiongeze wala asipunguze, na kila ukurasa unaokwisha ananisomea.

Jambo lenyewe lilikuwa zito. Mjukuu wangu mwingine, Faustini, alitaka kumwoa Skola, binti wa Mzee Kaspari wa Idete. Mshenga wetu, Mzee Bonifasi, alikwishakwenda mara mbili kubisha hodi. Mzee Kaspari akajibu kwamba amesikia, lakini neno atalitoa siku atakapomwona mzee wa ukoo wetu kwa macho yake, akiwa na jembe, kabla ya saa sita mchana. Saa tisa ya siku hiyohiyo alikuwa akiwatarajia wageni wengine kutoka Mlimba, nao hawakuwa wanakuja kununua mpunga. Sisi tukichelewa, au tukionekana watu wasio na adabu, Skola anaolewa Mlimba. Faustini alikuwa hali chakula. Alikuwa anakitazama tu.

Kwa wageni wa mambo yetu niseme hili. Jembe la posa ni jembe jipya, halijatiwa mpini, limefungwa kwenye kitenge. Njiani halituliwi chini; likigusa udongo limekwishalima, na jembe lililolima halipelekwi posa. Mtu wa nyumba ya binti akilipokea mkononi, posa imepokelewa, na kulirudisha ni tusi. Ndivyo tulivyoyakuta kwa wazee wetu.

Mzee Bonifasi alipanda basi la alfajiri. Mimi sipandi. Tangu mama aliponishusha mgongoni sijabebwa tena na mtu, na hizi bodaboda za vijana ndizo kabisa. Mzee wa posa hawezi kufika amepakiwa kama gunia la pumba.

Kutoka nyumbani hadi kwa fundi

Baiskeli yangu mnaijua. Niliachiwa na yule Mzungu niliyemlindia nyumba, aliyekuja Ifakara kuhesabu mbu. Alipomaliza kuwahesabu akaenda zake. Ni baiskeli ya mbio. Matairi yake ni membamba kama mkanda, usukani umejikunja chini kama pembe za kondoo dume, na siti iko juu sana kwa sababu mwenyewe alikuwa mtu mrefu. Kutu imeishika, haishuki tena. Miguu yangu haifiki chini. Kwa hiyo huwa ninapanda kama tunavyopanda sote: mguu wa kushoto kwenye pedeli, unasukuma kidogo, ikishika mwendo unaurusha wa kulia. Kushuka ni hivyohivyo kwa kurudi nyuma, baiskeli ikitembea yenyewe taratibu.

Nililifunga jembe mgongoni kwa kitenge, kama mtoto, nikaondoka kabla jua halijatoka. Sikufika hata sokoni. Ghafla nikawa ninakanyaga, pedeli zinazunguka, cheni inazunguka, lakini gurudumu la nyuma halina habari. Friwili, kile chuma cha gurudumu la nyuma kinachoshika ukikanyaga na kuachia usipokanyaga, ilikuwa imekufa. Nikaikokota hadi kwa fundi Ramadhani, nikamkuta anafagia mbele ya banda lake.

Aliiinamia kwa muda mrefu. "Babu, friwili ya gurudumu hili haipo Ifakara nzima. Labda Dar."

"Sina safari ya Dar. Nina safari ya Idete, na lazima nifike kabla ya saa sita."

Akajikuna. "Basi nikuchomelee. Nachukua duara moja la meno, nalichomelea palepale kwenye gurudumu, viwe kitu kimoja. Hili dude la kuhamisha cheni natoa, cheni nakata iwe fupi. Ila ujue, ukikanyaga itakwenda, na usipokanyaga itakukanyaga."

"Chomelea."

"Na breki, waya zake zimeoza. Nitoe?"

"Toa kila kilichooza."

Alifanya kazi hadi jua likapanda. Alipomaliza, baiskeli ilikuwa nyepesi na tupu kama kuku aliyenyonyolewa. Aliinua gurudumu la nyuma na kulizungusha kwa mkono, na pedeli zikazunguka nalo. Akalirudisha nyuma, na pedeli zikarudi nyuma. Watu wawili waliokuja kujaza upepo wakaacha mazungumzo yao.

"Sasa Babu, ngoja nikuoneshe inavyosimamishwa."

Nilimtazama. "Nimeendesha baiskeli kabla baba yako hajaota ndevu."

"Hii siyo baiskeli ile, Babu."

"Nimeelewa."

Sikuwa nimeelewa. Lakini kulikuwa na watu, na mzee hafundishwi kupanda baiskeli mbele ya watu. Fundi alinishikilia hadi nikakaa, akanisukuma taratibu, akabaki ameinua mkono kama anayemuaga mtu aliyepanda meli.

Kupita mjini

Niseme wazi kwamba mwanzoni niliipenda. Haikuwa na kelele, na nguvu yote ya mguu ilifika kwenye gurudumu bila kupotea njiani. Nikajiambia kwamba Wazungu ndio waliotudanganya na vitu vingi visivyohitajika.

Nilipofika mbele ya kanisa niliacha kukanyaga ili nipite kwa heshima, kama ninavyofanya siku zote. Baiskeli haikuacha. Pedeli ilipanda pamoja na mguu wangu, ikaniinua kutoka kwenye siti kama mtu anayesimama kusikiliza Injili, kisha ikaniketisha. Ikaniinua tena. Nilipita mbele ya kanisa nikisimama na kukaa, kusimama na kukaa, na mlinzi wa geti akafanya ishara ya msalaba kwa niaba yangu. Kabla sijatulia, cheni iliuma mguu wa kulia wa suruali yangu na kuula hadi gotini. Sikuweza kufanya lolote. Niliendelea kukanyaga, nayo ikaendelea kula, hadi ilipotosheka.

Kijana wa bajaji akaja ubavuni kwangu, mwendo wetu ukiwa sawa.

"Shikamoo mzee. Unakimbilia wapi?"

"Marahaba. Sikimbii."

Akaitazama miguu yangu. "Basi baiskeli ndiyo inayokimbia. Shuka basi upumzike."

Hapo ndipo nilipojaribu kushuka kwa desturi yetu. Niliurudisha nyuma mguu wa kulia, nikasimama kwenye pedeli ya kushoto nikingoja mwendo uishe. Pedeli hiyo ikapanda ikinipandisha, ikashuka ikinishusha, na mguu wa kulia ukiwa hewani kama mbwa penye nguzo. Nikajitupa tena kwenye siti. Jembe halikugusa chini. Kijana wa bajaji alikuwa ameegesha pembeni, amelaza kichwa kwenye usukani wake, mabega yanatikisika.

Nikatafakari mambo yalivyo. Kusimama ningeweza, kwa kuanguka. Lakini nikishuka ningepandaje tena? Fundi hayupo wa kunishika. Na nikianguka, jembe lipo mgongoni. Nikaamua kwamba nitashuka Idete.

Barabara ya mashamba

Ninyi mnanijua kwa jambo moja: salamu. Nimewakemea watoto wenu kwa miaka mingi. Nimesema kwamba mtu anayetupa salamu na kupita, bila kuuliza hali ya nyumbani na ya shambani, hana tofauti na mbuzi, maana mbuzi naye hulia na kupita. Nimesema hivyo mbele ya watu, na hata kanisani niliposimamishwa kutoa neno.

Mbele ya mashamba ya mpunga, mahali palipo wazi na njia ni pana, niliwakuta wanawake wanne wamebeba vikapu kichwani. Aliyekuwa mbele alikuwa mtu mzima, amevaa vizuri. Akapiga goti kidogo, kikapu hakikutikisika.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu," nikajibu, na wakati huohuo nikawa nimekwishampita.

Nikasikia nyuma sauti yake ikiuliza, "Habari za utokako?"

Sasa ningefanyaje? Mwanamke ameniuliza habari, tena kwa adabu. Nikauinamisha usukani, nikageuka kwa duara kubwa, nikawarudia. "Za nitokako ni njema. Nyumbani hawajambo?" Nikampita tena, kwa upande wa pili. Nikazunguka. "Na wajukuu?" Nikazunguka. "Mpunga umeitikia mvua?"

Wanawake wakawa wamesimama katikati, wamekaribiana, migongo imegusana. Wa mwisho kati yao alikuwa ametoa rozari. Mimi niliona wazi kwamba salamu bado haijakamilika, kwa sababu hakuna aliyekuwa akijibu.

"Baba," akasema yule mtu mzima polepole, "unatutafuta nini?"

"Ninatafuta kusalimiana nanyi kama watu."

"Hilo jembe la mgongoni ni la nini?"

"La kazi ninayoiendea." Sikusema zaidi, kwa sababu posa haitangazwi njiani.

Nikasikia mmoja akinong'ona, "Amezunguka mara tatu. Na jembe ni jipya, ni la kuchimbia." Mwingine akasema, "Tazama mguu wake, suruali ameichana mwenyewe." Yule mtu mzima akatoa simu kifuani.

Nikawatakia kazi njema na kuendelea na safari, nikiwa na amani kwamba kwa upande wangu sikuwadharau.

Namwawala

Njaa ilinishika nikikaribia Namwawala, hadi nikaona barabara mbili. Mama lishe mmoja alikuwa na banda la nguzo pembezoni mwa njia. Nikapunguza miguu kidogo kidogo, nikiizuia pedeli badala ya kuisukuma, na kwa mara ya kwanza baiskeli ikanisikiliza. Kumbe haitaki kuamriwa iache. Inataka kuombwa ipungue. Nilipofika pale bandani ilikuwa inatambaa, nikaishika nguzo kwa mkono mmoja. Banda liliinama kidogo, kisha likanikubali.

"Karibu baba, shuka ule."

"Nitakula hapahapa."

"Juu ya baiskeli?"

"Juu ya baiskeli."

Mama lishe akaniletea wali na kambare wa kukaanga, akasimama akinishikia sahani kwa sababu mkono wangu mwingine ulikuwa na nguzo. Nilikula kwa utaratibu. Wateja waliokuwa kwenye benchi walianza kwa kucheka, baadaye wakanyamaza.

"Baba, samahani," mama lishe akauliza kwa sauti ya chini, "ni nadhiri?"

"Ni uchomeleaji."

Hakuelewa, au alielewa vingine. Aliwageukia watu na kusema, "Mzee hashuki mpaka afike." Mwanamke mmoja akamleta mtoto wake mwenye kikohozi, akaomba nimguse kichwa. Nilimwambia ampeleke zahanati. Akasema atampeleka, lakini kwanza nimguse. Mikono yangu miwili ilikuwa na kazi. Nikamgusa kwa kiwiko, ili tuendelee.

Wakati huo bodaboda ilipita kwa kasi ikielekea Idete. Nyuma yake alikaa yule mtu mzima wa barabarani, kikapu kikiwa mapajani. Aliponiona alinyoosha kidole na kumpiga dereva begani aongeze mwendo. Nikamwinulia kidevu kwa salamu.

Watu watatu walinisukuma nilipoondoka. Mama lishe alikataa malipo na akaniomba nimkumbuke huko niendako.

Nyumbani kwa Mzee Kaspari

Niliingia Idete jua likiwa karibu kusimama kichwani. Nyumba ya Mzee Kaspari ina uwanja mpana uliofagiwa, jiko la nje, na mpapai mmoja. Nilipunguza miguu kama nilivyojifunza, nikaukumbatia mpapai, nikateremka kama nyani. Jembe lilikuwa mgongoni, safi.

Walikuwa wamekaa wote barazani. Mzee Bonifasi, mshenga wetu, alikuwa anatoka jasho ambalo halikuwa la jua. Mzee Kaspari ni mtu mfupi, mtulivu, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Pembeni yake alikaa yule mwanamke wa barabarani.

"Kaka," akasema, "ndiye huyu."

Alikuwa Anjelina, dada yake Mzee Kaspari, yaani shangazi wa binti. Alikuwa amekuja kusikiliza posa.

Mzee Kaspari alinipa mkono na kunikaribisha kigoda. Sikukaa, maana mwenye posa hakai kabla ya neno. Akasema, "Mzee mwenzangu, dada yangu anasema kuna mtu alimzunguka mara tatu akiwa na jembe."

Bonifasi akaninong'oneza. "Sema hukuwa wewe. Wazee wenye baiskeli ni wengi."

"Nilikuwa mimi," nikasema. "Na ni mara nne."

Nikaeleza kuhusu friwili, kuhusu fundi, kuhusu salamu isiyokamilika. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoona uso wa Bonifasi ukianguka.

"Kwa hiyo," akasema Anjelina, "kosa ni la baiskeli."

"Kosa ni langu. Niliambiwa nioneshwe, nikasema nimeelewa."

"Kaka, binti yetu ataingia kwenye nyumba ambayo baiskeli ndiyo inayomwamuru mzee."

Mzee Kaspari alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mimi nimeendesha baiskeli miaka yote. Baiskeli isiyosimama haipo. Nikiisimamisha, mzee huyu ametudanganya, na tungoje wageni wa saa tisa. Isiposimama, tutasikilizana."

"Nakuomba nikuoneshe kwanza inavyosimamishwa," nikamwambia.

"Nimeelewa," akasema Mzee Kaspari.

Aliiegemeza kwenye kinu, akapanda juu ya kinu, akakaa kwenye siti, akaondoka. Miguu yake ni mifupi kuliko yangu. Alizunguka nyumba mara moja kwa heshima kubwa, kama anayekagua mali yake. Alipotokea upande wetu akaacha kukanyaga, ikamwinua. Akapotelea tena nyuma ya nyumba. Alipotokea mara ya pili, miwani ilikuwa kidevuni.

"Haisimami," akasema, na akapita.

Tukangoja. Kuku wakatangulia kutokea, kisha yeye.

"Dada, ni kweli," akasema, na akapita.

Mara ya nne alikuwa na kasi, kwa sababu alikuwa anakanyaga kwa hofu. Watu wa nyumbani walikuwa wametoka nje, majirani wamejaa kwenye ua, na kila mtu anacheka hadi anashika mbavu. Bonifasi alikuwa amekaa chini kabisa. Mimi sikuona la kuchekesha. Nyuma ya jiko palikuwa na rundo la mawe ya msingi, na kila alipopita pale alikuwa anayasogelea zaidi.

Ilibidi nikimbie. Lakini jembe lilikuwa mgongoni, na kitenge kilikuwa kimelegea tangu nilipouteremka mpapai; nikikimbia litaanguka. Nikalifungua na kumpa mtu wa kwanza aliyekuwa karibu. "Lishike, lisiguse chini." Nikakimbia kukata njia nyuma ya jiko.

"Punguza!" nikamwambia nikikimbia ubavuni mwake. "Usishindane nayo. Peleka miguu kama mtu anayeingia kanisani misa imekwishaanza."

Aliisikia hiyo. Miguu yake ikanyenyekea. Nikamshika kiunoni hatua chache kabla ya mawe, tukaangukia pamoja kwenye lundo la pumba za mpunga, baiskeli juu yetu, pedeli bado zinazunguka.

Tulipotoka na kurudi barazani tukijipangusa, kicheko kilikuwa kimekwisha. Watu wote walikuwa wanamtazama Anjelina. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja, jembe likiwa mikononi mwake.

Bonifasi aliinuka kutoka chini alikokaa. Huyu ndiye mshenga. "Jembe limepokelewa," akasema.

"Nimeshikishwa," akasema Anjelina.

"Umelipokea kwa mikono miwili, mbele ya watu."

Anjelina alilitazama jembe, kisha akanitazama mimi. Kulitupa hakuweza, kwa kuwa lingegusa chini. Kulirudisha hakuweza, kwa kuwa ni tusi. Mzee Kaspari alitoa pumba sikioni.

"Mkono umepokea kabla ya mdomo kusema," akasema. "Sitaki baadaye mtu aseme tulimtoa binti kwa ajali. Mwiteni."

Skola alitoka jikoni. Ni msichana mwembamba, hana maneno. Akapiga magoti mbele yetu. Shangazi yake akamuuliza kama inavyoulizwa, "Unawajua watu hawa?"

"Ninawajua."

"Hata huyu aliyetuzunguka barabarani?"

Skola alinitazama, kuanzia kichwani kwenye pumba hadi kwenye goti lililokuwa wazi. Mimi niliogopa kuliko nilivyoogopa njiani, na sioni aibu kulisema.

"Huyu hasa," akasema. "Baba alipokuwa anazunguka, sote tulicheka. Hata mimi nilicheka. Yeye peke yake ndiye aliyekimbia kumshika."

Akasimama, akalichukua jembe mikononi mwa shangazi yake, akaingia nalo ndani.

Mzee Kaspari akakivuta kile kigoda, akakipangusa pumba kwa kofia yake, akaniwekea nyuma ya magoti. Nikakaa.